Mtaro wa Nyuma ya Nyumba Zetu

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomwona mama yangu akiwa kijana kuliko mjukuu wangu. Sikuwa naota. Nilikuwa nimekaa katika ukumbi wa parokia hapa Kolwezi, miwani puani, na mama yangu alikuwa ukutani, mkubwa kama mlango, amechuchumaa na jembe mkononi.

Binti mmoja alikuwa ametoka Lubumbashi na mashine ya kuonyesha picha. Kazi yake ni kukusanya picha za nyumba za zamani, zile zilizopigwa wakati kampuni ya madini ilipokuwa inajenga kambi za wafanyakazi wake, kabla ya uhuru. Alitualika sisi wazee tumwambie nani ni nani na wapi ni wapi. Zilianza kupita nyumba za wakubwa wa kizungu: veranda za mviringo, majani yaliyokatwa vizuri, gari mlangoni na hakuna mtu. Kisha zikaja za kwetu, safu kwa safu, matofali na bati jipya, kila moja na dohani yake, na uwanja mtupu usio na hata mti. Vijana waliotusindikiza wakacheka. Mmoja akauliza kama zile zilikuwa nyumba au masanduku ya sabuni. Nikamwambia anyamaze, kwa kuwa yeye mwenyewe alizaliwa ndani ya sanduku mojawapo.

Usifikiri, mwanangu, kwamba tulikuwa na raha ya kucheka siku hiyo. Mtaa wetu ulikuwa unatutoka mikononi. Kila masika maji yaliingia ndani, yakapanda mpaka kwenye miguu ya vitanda, na kuta zikaanza kupasuka chini. Watu walisema ni milipuko ya machimbo iliyoizamisha ardhi, na ardhi iliyozama haiinuliwi na mtu. Na hapa kwetu unaijua hali: huwezi kuchimba choo bila mtu kuokota jiwe na kuligeuzageuza juani aone kama lina rangi ya kijani ya shaba. Basi akaja mnunuzi. Aliitaka safu yetu yote, abomoe nyumba na kuchimba mashimo ya madini palepale tunapolala. Hakutaka nyumba moja moja. Ilikuwa wote tukubali, au aende zake. Jumapili angekuja kuchukua jibu, na karibu wote walikwisha kukubali.

Hata nyumbani kwangu. Naishi na mjukuu wangu Mujinga, mume wake Muteba na mtoto wao, katika nyumba ya mwisho kabisa ya safu, ileile waliyopewa wazazi wangu. Sisi ndio tulio chini ya mteremko, kwa hiyo maji ya wote yalikuwa yanakuja kwetu. Mtoto alikuwa anakohoa kwa sababu ya unyevu, na Mujinga alikuwa amechoka kuanika magodoro. Muteba ni mchimbaji, kijana wa maneno machache, na siku aliyonieleza moyo wake alinieleza kwa heshima.

"Kambo, mi nilizaliwa Kisenge," alisema, maana hapa kwetu bibi huitwa Kambo. "Kule nyumba zilibakia zimesimama, kazi njo ilienda. Nyumba hailishe bantu. Na hii yetu inakunywa mayi."

Nilikasirika. Lakini mtu aliyekulia katika mji wa machimbo ulioachwa humdanganyi kwa kumsifia ukuta. Nilichoweza kusema ni kwamba sitaki, na mzee anayesema sitaki bila sababu husikilizwa kwa adabu halafu watu wanaendelea na mipango yao. Nililijua hilo, na liliniuma.

Ndiyo hali niliyokwenda nayo ukumbini. Binti alikuwa karibu kuiruka ile picha. Alisema imeharibika, mpiga picha alikosea upande, inaonyesha migongo tu ya nyumba na wanawake wasiojulikana. Nikamwambia asubiri, maana mmoja wa hao wasiojulikana alikuwa amenizaa.

Nilikuwa msichana siku ilipopigwa. Kampuni ilitangaza kambini kwamba mpiga picha anakuja, na wiki nzima ikawa ni kufagia na kupaka chokaa. Wanawake waliambiwa wasimame milangoni na watoto wao, wamevaa vizuri, ili watu wa Ulaya waone jinsi tunavyotunzwa. Lakini mvua za kwanza zilikuwa zinanukia, na kambini kulikuwa na desturi ambayo haikutoka kwa kampuni. Kabla ya mvua, wanawake wa kila safu walisafisha mtaro wa nyuma pamoja, kuanzia nyumba ya juu mpaka ya chini, na hakuna aliyeruhusiwa kuacha kipande chake. Mama yangu, kwa kuwa alikaa chini, ndiye aliyeita. Na aliita siku hiyohiyo.

Mama wa nyumba ya juu, mke wa nyapara, akatokea amefunga kitenge kipya, akashangaa kumkuta mama kwenye tope.

"Mama, wacha ile mutaro leo," akamwambia. "Bazungu beko banakuja kupiga foto."

Mama hakuinua hata kichwa. "Foto itapiga mbele, mama yangu. Mvua itapita huku nyuma. Weye uko juu, mi niko chini. Ukiacha mayi yako, inaingia mu nyumba yangu. Chukua jembe."

Mke wa nyapara hakuwa mtu wa kuamriwa. Alisimama, akamtazama mama, akakitazama kitenge chake. Kisha akakipandisha mpaka magotini na kushuka mtaroni. Wengine wote wakamfuata. Mpiga picha alipofika mbele akakuta milango mitupu, akazunguka nyuma kuwatafuta watu wake, akapiga mara moja tu, akaenda zake huku akicheka. Mwaka ule mvua zilikuwa za hasira, na sisi tuliokaa chini tulilala pakavu tukiyasikia maji yakipita nyuma ya ukuta. Sijapata kusikia sauti nyingine iliyonipa usingizi mzuri vile.

Basi pale ukumbini nikainuka na fimbo yangu, nikaenda mpaka ukutani, kivuli changu kikamfunika mama, nikasogea kidogo nisimzibe. Nikauonyesha mtaro kwa fimbo.

"Hii mutaro iko wapi leo?" nikawauliza.

Mwanangu, watu wazima waliinamisha vichwa. Kila mmoja alijua nyuma ya nyumba yake kuna nini. Kampuni ilipoacha kuzisimamia zile nyumba, kila mtu aliupanua ukuta wake. Huyu aliongeza chumba cha kijana aliyeoa, yule akajenga banda la kuku. Tata Kazadi, mzee wa nyumba ya katikati, alijenga baa yake nzima. Hakuna aliyeuua mtaro kwa siku moja, na ndiyo maana hakuna aliyeona unakufa. Ardhi haikuzama. Maji yalikuwa yananyimwa njia, yakapita milangoni.

Aliyenielewa kwanza ni Muteba, aliyekuwa amenisindikiza ukumbini. Mchimbaji anayaheshimu maji, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoua wenzake shimoni. Alimwomba binti airudishe picha, akaikaribia, akaangalia kingo za mtaro na mteremko wake, akapiga mluzi mdogo.

"Iko ya matofali na sima," akasema, akionyesha saruji ya kingo. "Kambo, hii haikukufa. Ilizikwa tu."

Jumamosi tukaitisha salongo. Vijana wengi leo hawajui salongo ni nini. Ni kazi ya pamoja isiyo na malipo, na katika ujana wetu serikali iliilazimisha mpaka tukaichukia. Safari hii hakuna aliyetulazimisha. Watu walikuja na majembe, mabeleshi na mitaimbo, na wakaanza kufanya kile watu wanachofanya siku zote: kila mtu akaonyesha kwa jirani. Wa juu walisema wao maji hayawasumbui, kwa nini wabomoe? Wa katikati wakasema waanze wa juu. Tata Kazadi alileta kiti mlangoni pa baa yake, akakaa, akakunja mikono.

Sasa nikuambie kuhusu jiko langu. Wanangu walinijengea jiko nyuma ya nyumba, la saruji, lenye rafu na dirisha linalotazama jua la asubuhi. Wanawake wa mtaa walikuwa wanaliita ofisi ya Kambo, na mimi nilipenda walivyoliita. Lilikuwa limekaa juu ya mdomo wa mtaro, pale maji yanapotokea kuelekea bondeni. Hata wote wa juu wangebomoa, maji yangefika kwangu na kusimama. Nilikuwa nimeliwaza usiku kucha na sikupata njia nyingine.

Nilitoa sufuria zangu. Nikatoa mwiko na kinu, nikavipanga uani mbele ya watu wote, bila haraka. Kisha nikampa Muteba mtaimbo.

"Anzia kwangu," nikamwambia. "Piga."

Mujinga alilia. Mimi sikulia hapo. Nililia baadaye, nimejifunika kitenge, kwa kuwa lile jiko nililipenda na sioni haya kusema. Lakini wakati sakafu ilipopasuka na Muteba akashuka na beleshi, tulisikia chuma kinagonga tofali. Akafagia udongo kwa mkono. Ukingo ulikuwa pale, mzima, mwekundu, na saruji yake haina hata ufa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka watu wa mtaa wa pili wakaja kuuliza nani ameolewa.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Mtu atakuambia nini, wakati bibi wa fimbo amelibomoa jiko lake? Banda la kuku likaondoka, chumba cha nyuma kikasogezwa, kuta zikaanguka moja baada ya nyingine kuelekea juu. Hata wa juu wakashuka. Tata Kazadi alibaki kitini mpaka alipoona wateja wake wenyewe wameshika mabeleshi. Akasimama, akaanza kubeba kreti zake za bia nje, moja moja, amenuna.

"Mi sitaki mutu aseme Kazadi njo aliziba," akasema, na sisi tukamshukuru kama vile limetoka moyoni.

Nilipika bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo nje, juu ya mawe, kwa safu nzima. Sijawahi kupika vibaya vile, na sijawahi kuona watu wanakula vile.

Jumapili, baada ya misa, mnunuzi akaja na viatu vyake safi. Mbingu zilikuwa nyeusi. Kabla hajasalimia watu wote mvua ikamwagika, ile ya kwetu inayogonga bati mpaka husikii unachosema, na watu wakakimbilia nyumba iliyokuwa karibu, ambayo ilikuwa yangu. Tukabanana mle ndani, yeye katikati. Wote tulikuwa tunautazama mlango, kwa sababu kwa miaka mingi nyumba hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuingiwa na maji.

Tuliyasikia kabla ya kuyaona. Yalikuja kwa nyuma, mengi, yana tope na majani na kandambili ya mtu, yakanguruma pale palipokuwa jiko langu, yakashuka bondeni. Tukangoja. Yakazidi, na yakazidi kupita. Muteba akapiga goti, akaweka kiganja sakafuni, akakigeuza akatuonyesha. Kilikuwa na vumbi.

Mujinga akaanza kucheka na mtoto wake mikononi, na kicheko chake kikatuambukiza sote, hata Tata Kazadi. Mimi nilimwita mama yangu kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya watu, jambo ambalo nisingethubutu akiwa hai. Nilijiona tajiri.

Mnunuzi akangoja tumalize. Akasafisha koo, akauliza jibu letu. Wote wakanitazama mimi, na mimi nikamtazama Muteba, maana nilitaka alitoe yeye.

"Tata, tunakushukuru," Muteba akasema. "Hatutauzisha."

"Munajua bitu biko huku chini?" mnunuzi akauliza.

"Tunajua, tata," Muteba akasema. "Na juu yake kuko batoto."

Mnunuzi akageukia mlango. Tulimpa mwavuli.

Mwanangu, mimi si mtu wa kuzisifu zile kambi. Kampuni ilizijenga kwa faida yake, ikatupanga kwa mistari ili itusimamie vizuri, na hakuna aliyewauliza baba zetu wanataka kulala vipi. Lakini kusafishiana maji hakuna kampuni iliyotufundisha. Hiyo ilikuwa yetu, na ndiyo tuliyoizika wenyewe huku tukilalamika kwamba ardhi imetukataa. Kwa hiyo kitu chako kikianza kukusumbua, kiwe nyumba, kiwe ndoa, kiwe nchi hii yetu yenye mali nyingi chini, usikimbilie kukiuza. Zunguka kwanza uangalie nyuma. Uwaulize waliokiona kikiwa kizima, hata kama miwani yao inawateremka puani. Na ukishajua kimezibwa wapi, usimwonyeshe jirani kwa kidole. Vunja kwako kwanza, na uvunje kile unachokipenda, maana watu hawamfuati anayevunja vitu vya wengine.

Mungu akupe nyumba yenye kelele za watoto. Akupe majirani wa juu wanaokukumbuka, na akupe moyo wa kumkumbuka aliye chini yako. Mikono yako isiione aibu kwenye tope. Na siku mtu atakapokuja kukuuliza bei ya mahali unapolala, akukute umesimama pakavu.