Chemchemi ya Nyuma ya Kilima

Kabla hujaondoka, mwanangu, sikiliza: ipo siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka hata leo nasikia aibu kama vile ilikuwa jana. Nilikuwa kijana aliyeishia darasa la nne, mwenye suruali moja nzuri na ndoto za kujaza maghala mawili. Nilikuwa nimebeba mawe mgodini Geita miezi michache tu, nami nikajiona bingwa wa dhahabu. Washenga wangu walikwisha kwenda kumposa Kabula, msichana niliyempenda, kwa babu yake. Sasa mzee alitaka kuniona mwenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Vizuri. Twende tukazunguke kilima. Tukirudi ugali utakuwa tayari."

Sikujua kwamba wazee wa kwetu hawakuulizi tabia yako, wanakutembeza.

Tukapanda polepole. Kule juu kulikuwa na ngitili, yale malisho yanayofungwa mpaka kiangazi kikaze, na njia ilipinda mbali kuyakwepa.

"Babu, si tukatishe tu? Miguu yangu haili majani."

"Mwenye ng'ombe akikatisha, ng'ombe humfuata," akasema, akazidi kuzunguka.

Mimi nikacheka. Mwenda pole hajikwai, lakini ujana nao una miguu yake. Nikamweleza nyumba ya bati nitakayojenga na cherehani nitakayomnunulia Kabula. Yeye akawa anaitikia "ehee", huku akisimama kila penye mzinga wa nyuki, anasikiliza. "Wamo," anasema, tunaendelea.

Tukashuka upande wa pili kupitia msitu wa miyombo, tukafika kwenye chemchemi ndogo. Mzee akaketi kupumzika. Mimi nikaona ukingoni mawe meupe yenye kutu, kama yale ya mgodini. Moyo ukaruka! Sikuuliza. Nikaokota kijiti nikachimba, ukingo ukamomonyoka, udongo wote ukaingia majini. Maji yakawa kama uji wa ulezi.

Hapo hapo wakatokea wanawake na mitungi, Kabula mbele yao. Kiangazi kile, upande ule wote haukuwa na maji mengine.

"Kumbe huyu ndiye mkwe?" akasema mama mmoja. "Baba, umekuja kuoa au kuzika?"

Wenzake wakacheka. Kabula hakucheka. Mama yake alikuwa mgonjwa nyumbani, hajanywa kitu tangu asubuhi. Akautua mtungi wake taratibu.

"Dhahabu umeipata?" akaniuliza babu.

"Hapana, babu."

"Basi toa tope. Sisi tutangoja."

Nikavua viatu, nikachota tope kwa viganja mpaka jua likapinduka. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana, mwanangu! Maji yalipotulia Kabula akachota wa kwanza, akaondoka bila kunitazama.

Tulipokuwa tunamalizia mzunguko nikapata moyo wa kusema. "Nisamehe, babu. Na Kabula, je?"

"Nimekusamehe tangu ulipoinama. Lakini mjukuu wangu sikupi. Mtu asiyeuliza maji haya ni ya nani, atamuuliza mke wake lolote?"

Na ugali akanipa, tena na maziwa, kama mgeni wa heshima. Kabula aliolewa upande wa Masumbwe, akapata mume mtulivu. Nilifurahi kwa ajili yake, ingawa furaha hiyo ilichelewa kunifikia miaka kadhaa.

Sikukatazi kuota, mwanangu. Mimi mwenyewe naota mpaka leo, na mvi zangu hizi. Ila ukifika penye watu, uliza kwanza. Kitu unachokiona kimekaa kimya porini, usidhani hakina mwenyewe. Pengine kuna mgonjwa anakingoja. Na ukikosea, usikimbie wala usijitetee sana. Inama utengeneze, hata kama ulichokitaka hutakipata tena. Maji yaliyochafuka hutulia, lakini hayatulii kwa haraka yako.

Nenda basi. Mungu akuongoze kwa watu wema, akupe subira kabla hujaihitaji, na kila mlango utakaobisha, wenyewe wafurahi kuwa ni wewe.