Neno Mkono kwa Wachina wa Barabara ya Umbilo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa chaki, kitambaa cha kufutia ubao, na darasa la Wachina wasiojua neno langu hata moja, kama mimi nisivyojua lao. Shule ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi katika Barabara ya Umbilo, na harufu ya mpira mpya ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Nilikuwa nimetoka Tanga kumfuata mume wangu hapa Durban. Kiingereza nilikuwa nimekifundisha sekondari, kwa hiyo nilidhani kazi naijua. Mkuu wa Shule, mama wa Kihindi mzaliwa wa mji huu, alinisimamisha mlangoni.

"Mwalimu Salma, hawa ni wenye maduka. Wamefunga sasa hivi, wamechoka, na asubuhi wanafungua tena. Usiwape sarufi. Wape neno moja watakaloondoka nalo."

"Neno gani?"

"Hilo utalijua wewe," akasema, akarudi ofisini kwake.

Niliingia nikawakuta wameweka mikono juu ya meza, wananitazama. Sikuwa na kingine cha kushika. Nikainua wangu, nikasema, "Hand." Wakainua yao, wakasema, "Han," kila mmoja akiimeza ile sauti ya mwisho, maana lugha yao haimalizii maneno kwa sauti kama hiyo. Jioni ile yote tulikuwa kwenye mkono tu, na kwa miaka yangu yote ya kazi kila darasa jipya nililianzia hapo.

Nawaelezeni nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, wenye simu zinazotafsiri kila kitu. Tulikuwa na kitu tulichokiita somo la neno moja. Unachukua neno la mwilini, lile ambalo mwanafunzi anaweza kuligusa, halafu unakaa nalo wiki nzima. Kwanza unafundisha kiungo chenyewe: kiganja, kidole, kucha. Kisha unahamia kwenye kazi za kiungo hicho, kushika, kupokea, kukabidhi. Nahau, yaani yale mafungu ya maneno ambayo maana yake huipati kwa kujumlisha neno kwa neno, zinakuja mwisho, wakati mwanafunzi amekwisha kulizoea neno na haliogopi.

Kwa mkono Wachina walikuwa na bahati. Kwao mtu mgeni wa kazi ni mkono mpya, fundi aliyebobea ni mkono wa zamani, na kitu kilichotumika ni cha mkono wa pili, vilevile kama Waingereza wasemavyo. Nilipowaambia kwamba kwetu mchoyo ana mkono wa birika walicheka, na mmoja akamwonyesha kidole mwenzake. Walikwama mahali pamoja tu: "Give me a hand," ambayo Mwingereza huisema anapotaka umsaidie.

Aliyekwama kuliko wote alikuwa Bwana Guo, muuza mablanketi na sufuria, mtu mnene mpole mwenye sauti ya chini. Kwao kitu cha heshima hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Kuomba mkono mmoja aliona ni utovu wa adabu. Kwa hiyo alipotaka mteja amsaidie kushusha mzigo alimwambia, kwa adabu zote, "Please, give me two hands." Nikamsahihisha. Wiki iliyofuata akairudia. Nikamsahihisha tena. Mwaka uliofuata alikuwa bado anaomba miwili, kisha ananiangalia, akijua kinachokuja.

Katika kazi yetu kuna namna mbili za kusahihisha. Kuna papo hapo, kosa linapotoka mdomoni unalikamata, na kuna baadaye, unamwacha mtu amalize ndipo urudi nyuma. Mimi nilikuwa wa papo hapo. Mkuu wa Shule hakupenda.

"Wanafunzi wako wanaongea kidogo, Mwalimu Salma."

"Wanaongea sawasawa, Madam."

"Sikusema hawaongei sawasawa. Nimesema kidogo."

Sikumsikiliza, na sidhani nilikosea. Kosa la mwanafunzi ndilo linalokuonyesha kichwa chake kinavyofanya kazi. Ukimsikia mtu anaomba mikono miwili, umemjua mama aliyemlea. Mimi nilitaka kosa nilipate likiwa bado la moto, na nilitaka nilipate mimi.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Isipingo. Msimamizi wa Tawi alikuwa Mzulu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye alinipokea stendi ya teksi akiwa na mwavuli bila mvua.

"Eish, Mama, hapa hatuna madarasa," aliniambia. "Wanafunzi hawatoki madukani. Wewe ndiye utawafuata. Unapita robot ile, taa za barabarani pale, unaanza na duka la kona. Sharp?"

"Na ubao?"

"Ubao uko Umbilo."

Ikawa nafundisha nimekaa juu ya marobota ya mablanketi. Bwana Guo naye alikuwa amehamishia duka lake hukohuko, na ile ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote. Mteja anaingia, Bwana Guo anasema neno, anakosea, ananitazama, nanyanyua nyusi, anarekebisha, mteja analipa. Alizoea kuniita Laoshi, yaani mwalimu, na Wachina wakishakuita hivyo wanakuita hivyo mpaka kaburini. Mke wake alifariki katika miaka ile. Siku nilipokwenda kumpa mkono wa pole alijaribu kunieleza kwa Kiingereza jinsi alivyougua, na yale aliyoyakosea siku hiyo sikuyasahihisha, lakini niliyashika yote. Binti yao Mei alikuwa chuoni tayari, anaongea Kiingereza na Kizulu cha Durban kama maji, na Kichina chake baba yake alikilalamikia.

Niliporudishwa Umbilo nilirudishwa na cheo, Mwalimu Kiongozi, na hapo ndipo nilipoletewa Fidèle.

Fidèle ni Mrundi wa Bujumbura, mkaaji wa Cato Manor, kijana mrefu mwenye Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa, na shati lisilokunjamana hata baada ya safari ya teksi. Mkuu wa Shule alimpa chumba cha pili. Kati ya chumba chake na changu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kupitia ukuta ule nilianza kusikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia chumbani kwangu. Wachina walikuwa wanacheka. Walikuwa wanabishana, wanarukia maneno, wanakosea ovyo, na Fidèle anawaacha. Mwisho wa kipindi alikuwa anaandika makosa ubaoni bila kutaja ni ya nani, na wao wenyewe wanayasahihisha kwa kelele. Wanafunzi wangu walikuwa wanakaa kimya, masikio yameelekea ukutani.

Wiki yake ya kwanza nilimsikia akisema, "Hand." Nilimsubiri kwenye ngazi.

"Hilo neno umelitoa wapi?"

"Mama Salma, Madame njo aliniambia nianze nalo. Alisema hapa kila mwalimu anaanza na hand. Donc nilifikiri njo règlement ya shule."

Neno nililolipata kwa kukosa la kufanya, jioni ile ya kwanza, lilikuwa limegeuka sheria ya shule, na hakuna aliyekumbuka lilitoka kwa nani. Nilimwambia Fidèle aendelee vizuri. Nilishuka ngazi roho ikiniuma, na tangu siku hiyo nilimwonea wivu waziwazi. Akinyoa, naona. Mwanafunzi akimletea chungwa, naliona hilo chungwa. Naye kila asubuhi alinisalimia kwa heshima, "Mama, umeamka muzuri?" jambo lililonizidishia hasira, kwa sababu ningefurahi angekuwa na kiburi.

Nilistaafu. Palikuwa na keki, Mkuu wa Shule akasema maneno mazuri, nikapewa saa ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata Fidèle akahamia chumba changu, chenye dirisha.

Sasa niwaambie la mwaka huu. Bwana Guo alikuja nyumbani kwangu na kadi nyekundu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mei anaolewa na kijana wa Kizulu, mhandisi wa bandarini, watu wake wengi wanatoka Isipingo hukohuko. Nilimkaribisha chai. Akanieleza, kwa Kiingereza chetu cha siku zote, kwamba atatoa hotuba.

"Kwa Kichina?" nikamuuliza.

"Hapana. Wakwe hawajui Kichina. Mei mwenyewe hakijui vizuri. Nitasema Kiingereza. Mama yake hayupo, kwa hiyo lazima niseme na yake."

Nikamsubiri aniombe nimsaidie kuiandaa. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga kichwani: aanzie wapi, apumzike wapi, lile neno la mkono wa binti yake aliweke wapi. Akanywa chai yake, akaisifu, akaaga.

Nikajiambia ameona haya, atapiga simu. Hakupiga. Zikapita siku, nikaanza kukaa karibu na simu kama msichana aliyeposwa. Mwishowe nikampigia Fidèle kumuuliza habari za shule, habari ambazo sikuzihitaji.

"Niko bien, Mama. Ila naishiwa muda. Iko muzee mmoja, Monsieur Guo, anakuja kila siku nikimaliza darasa. Tunatengeneza hotuba ya harusi. Eish, Mama, anakosea, anaanza upya, anakosea, mpaka juzi alilia."

"Alilia kwa sababu gani?"

"Alifika pa mama wa mutoto. Nikamuacha alie, tukaendelea."

Nilimwambia nina sufuria jikoni, nikakata simu. Sikuwa na sufuria jikoni. Miaka yote ile mtu huyu alikuwa wangu. Nilimpata akiwa hawezi kuomba bei, nikakaa naye juu ya mablanketi yake, nikamsindikiza msibani, na siku aliyokuwa na jambo moja kubwa la kusema maishani mwake akapeleka mdomo wake kwa kijana wa chumba cha pili. Nilikasirika na Bwana Guo, nikakasirika na Fidèle, na nilikasirika zaidi na kile kilio, kwa sababu mtu huyo hakuwahi kulia mbele yangu, hata alipofiwa. Niliamua siendi.

Nikaenda. Nilishona hata gauni.

Waliniweka meza ya mbele, pamoja na wazee wa bwana harusi. Binti wa Kichina alikuja kunibandika ua kifuani. Sahani ya kwanza ya chakula ililetwa kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Fidèle alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jiko, anakula na wapishi.

Bwana Guo akasimama. Naomba mniamini nikisema kama mwalimu: ile hotuba haikuwa na doa. Aliwashukuru wakwe. Alisema siku za mwanzo duka lake halikuwa na msaidizi ila mke wake, na akasema kwa usahihi kabisa, "She gave me a hand," akiitamka ile sauti ya mwisho ikasikika mpaka nyuma ya ukumbi. Mkono mmoja, bila kunitazama. Kisha akamgeukia kijana, akamwambia kwamba mkono wa binti yake hajaupokea kwa mtu, ameushika mwenyewe tangu siku ulipokuwa unatosha kushika kidole chake kimoja tu, na kwamba leo anauachia. Akina mama wa Kizulu walipiga vigelegele. Mzee aliyekaa kando yangu alijifuta macho kwa kitambaa cha meza. Mimi nilisikiliza neno kwa neno, nikiomba akosee, hata pahali padogo, na hakukosea.

Baada ya hapo alikuja mezani kwangu na kikombe cha chai, mikono miwili.

"Laoshi, ilikuwaje?"

"Nzuri. Nzuri sana." Halafu nikashindwa kujizuia. "Kwa nini hukuja kwangu?"

Alishangaa kweli. Alivuta kiti, akakaa.

"Laoshi, wewe ni mgeni wangu mkubwa. Mgeni wangu mkubwa simwiti jikoni anione nikikata vitunguu. Nilitaka wewe usikie imeiva. Fidèle ni kijana. Mbele yake naweza kuwa mjinga."

"Miaka yote hiyo ulikosea mbele yangu."

"Ndiyo," akasema. "Na kila mara niliona aibu. Nilijiambia siku moja nitasema mbele yako, na hutakuwa na la kunisahihisha." Akatabasamu, mtu aliyemaliza kulipa nadhiri. "Leo hukupata hata moja."

Nikamwambia ni kweli, sikupata hata moja. Akaniinamia, akaenda kuwahudumia wakwe.

Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Chaki siikumbuki, wala ngazi zile. Wanafunzi wangu wa zamani wananiandikia kwenye simu kila sikukuu, Kiingereza kimenyooka, kila mmoja amekikagua kabla ya kunitumia, kwa heshima yangu. Nafurahi, nawajibu. Mnaoanza sasa, mtaambiwa kwamba hii ndiyo tuzo ya mwalimu, na siku ile mimi nilipewa yote: ua, meza ya mbele, sahani ya kwanza, na hotuba isiyo na doa. Nilikaa nayo ukumbini mpaka mwisho, na muda wote macho yangu yalikuwa kule karibu na mlango wa jiko, kwa yule kijana anayekula na wapishi, ambaye alikuwa amemwona Bwana Guo akilia.