Ukuta Uliokimbizana na Hakimu

Dada yangu mdogo ni mwoka mikate, na mtaani wanamwita Tanuri. Ukaidi karithi kwangu, kelele karithi kwa shangazi. Akili sitasema, mtaniona najisifu.

Duka lake liko mwisho wa kichochoro, na kichochoro hicho ndiyo njia pekee ya kuingia na kutoka. Basi jirani yake, muuza vifaa vya ujenzi, akaamka siku moja akadai njia ni yake, akaanza kuiziba kwa ukuta. Wateja wasipopita, mikate ainunue nani, panya?

Tanuri akaenda mahakamani. Kesi ikaitwa, wakili wa jirani akasimama: mteja wake anaumwa, anaomba tarehe nyingine. Akapewa. Tarehe ikafika, shahidi kasafiri. Akapewa tena. Na kila tarehe ikisogea, ukuta nao unapanda, mpaka ikabaki nafasi ya kupita mtu mmoja, tena awe hajashiba.

"Kaka, nitafungiwa kama mkate!" akanilalamikia.

"Kamwambie hakimu hivyo hivyo." Mimi sheria nimeisomea dirishani mwa mahakama, nikisikiliza kesi za watu. Cheti sina, lakini muulizeni karani nani kamzidi.

Siku ile wakili akasimama tena. Safari hii faili limesahaulika ofisini. Tanuri akaruka kama kakalia kaa la moto.

"Mheshimiwa, huyu anaumwa, yule kasafiri, faili limesahaulika. Mafundi tu ndio wazima! Ukiahirisha na leo, nitaingia dukani kwangu kwa ngazi."

Watu wakacheka. Hakimu, mama mmoja mkavu, hakucheka. Akatafuta kwa miguu viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza.

"Twendeni tukaone. Sasa hivi."

Jirani akachomoka nje, simu sikioni: "Malizieni chapuchapu! Wakikuta umekwisha, watazuia nini?"

Tulipofika, njia imezibwa kabisa. Saruji mbichi inang'aa, mafundi wanafuta jasho. Jirani kifua mbele.

"Mheshimiwa, kama unavyoona, kazi imekwisha. Labda tupange tarehe."

Mara sauti ya bibi ikapasuka nyuma ya ukuta: "Nani kanifungia huku? Mwanangu, ni wewe? Nimefuata mkate, mnanizika?"

Mama mzazi wa jirani! Kila asubuhi huja kununua mkate, na hatoki mpaka amalize umbea wa mtaa mzima na shemeji yangu, mume wa Tanuri, anayebaki dukani. Mashine ya kukandia unga inanguruma. Mafundi wangesikika saa ngapi?

"Mama, subiri kidogo..."

"Nisubiri mpaka tarehe gani?"

Nikacheka mpaka nikashikilia ukuta, nikaacha alama ya kiganja.

Hakimu akaibonyeza saruji kwa kidole. "Bado mbichi. Kesho ingekuwa jiwe, na ukuta huu ndio ungekuwa umetoa hukumu badala yangu. Bomoa. Kesi tutaisikiliza njia ikiwa wazi, na sitaki kusikia habari za homa ya mtu."

Jirani akabomoa kwa mikono yake mwenyewe, mama yake akimsimamia kutoka ng'ambo: "Lile tofali la juu! Hilo jingine! Ulikuwa na haraka, sasa imeenda wapi?"

Kesi iliposikilizwa haikuchukua hata asubuhi nzima: njia ni ya wote. Matofali Tanuri aliyajengea benchi la wateja, na yule bibi ndiye mwenye kiti cha mwanzo.

Siku hizi hata wakili hununua mkate pale. Akiuliza kama umeiva, Tanuri humjibu, "Tunaomba tarehe nyingine," kisha anamkabidhi wa moto.