Macho ya Mtakatifu Mamas

Theognosia alikuwa mwepesi wa hasira, na kijiji chote, huko juu katika milima ya Troodos, kilimjua hivyo. Alikuwa amemzika mume, amechuma zabibu za wenzake hadi mgongo ukapinda, na ufunguo wa kanisa alikuwa ameurithi kwa mama yake. Yote hayo aliyavumilia. Kilichomchemsha damu ni uongo wa mdogo wake, Loizos.

Kuta za kanisa lile zimejaa watakatifu waliochorwa tangu enzi na enzi, na wale wa chini, wanaofikiwa na mkono, hawana macho. Mtakatifu Mamas, aliyempanda simba, ana mashimo mawili meupe usoni. Loizos, mwenyekiti wa kijiji, aliwaambia wageni kwamba Waturuki ndio waliomchokoa macho. Wageni walisikitika, wakapiga picha.

Uongo mtupu. Kila aliyezaliwa pale alijua kwamba zamani mtu akiugua macho, mama yake alikwaruza lipu kwenye jicho la mtakatifu, akaikoroga kwenye maji, mgonjwa akanywa. Loizos mwenyewe alipokuwa mtoto macho yalimvimba yakajaa usaha hata hakumwona mama yake. Mama akamkwaruza Mamas kwa kisu cha jibini. Aliyemshikia mshumaa ni jirani yao Mturuki, Bi Sherife, ambaye binti yake Nevres alikuwa rafiki wa Theognosia. Loizos akapona, na hadi uzeeni hajavaa miwani, jambo analojigamba nalo kila siku mkahawani.

Halafu zikaja vurugu kati ya Wakristo na Waturuki, nchi ikagawanyika. Akina Nevres wakapakia magodoro yao kwenye lori wakaenda upande wa kaskazini, na hakuna aliyethubutu kuwaaga.

Miaka mingi baadaye, vivuko vya mpakani vilipofunguliwa, Nevres alikuja kutazama kwao akakuta paa limeanguka. Theognosia alimpikia magimbi, wakala, wakalia, kisha wakaenda kanisani. Ilikuwa sikukuu ya Mamas. Mlangoni walikuta watu wamejaa, na fundi ameshika bamba la shaba na nyundo. Loizos, ambaye hakumtambua yule mgeni, alimsomea kwa fahari maandishi ya bamba: macho haya yalichokolewa na Waturuki.

Nevres alimgeukia rafiki yake. "Kumbe ndivyo mnavyotusimulia?"

Theognosia aliona aibu, na aibu yake siku zote ilitoka kama hasira. Akampokonya fundi nyundo.

"Loizos, macho ya Mamas yamo tumboni mwako. Uliyanywa wewe."

"Dada, watu wanasikia," Loizos alisema kwa sauti ya chini.

"Na wasikie. Nilikuwepo. Mama alikwaruza, na mama yake huyu ndiye aliyemmulikia. Umemtazama mwanawe usoni na hukumjua, wewe unayejidai huhitaji miwani."

Loizos alisema alikuwa mdogo, hakuona kitu.

"Hukuona kwa sababu ulikuwa kipofu, mpumbavu wewe. Anayetaka kupigilia hilo bamba, kwanza amrudishie Mamas macho yake."

Wazee waliokuwa pale walitazama viatu vyao, maana hata nyumbani kwao maji yale yalikuwa yamenywewa. Loizos alimtazama Nevres kwa muda mrefu, kisha akamwomba fundi lile bamba, akalitia kwapani. Theognosia alifungua kanisa. Nevres alitangulia kuingia, akawasha mshumaa, akausimamisha mbele ya yale mashimo mawili, pale pale aliposimama mama yake.