Siku Niliyoruka Kutoka Kwenye Treni Nyangoto

Mimi niliwahi kuruka kutoka kwenye treni inayokimbia. Hapa hapa Tarime.

Najua unachotaka kusema. Tarime hakuna reli. Tulia basi.

Ilikuwa miaka ya tisini, dhahabu imepamba moto Nyangoto. Mzee Nyangwine alikuwa na duara, yaani shimo lake la dhahabu, juu mlimani. Karasha la kusaga mawe lilikuwa bondeni. Watu walibeba mawe mgongoni kutwa mpaka viuno vikagoma.

Mzee akauza ng'ombe, akaenda Tanga. Akarudi na malori mawili. Humo mlikuwa na reli nyembamba, matoroli, na vichwa vitatu vya treni vya dizeli. Aina moja, rangi moja ya kijani, vyote vimestaafu kwenye shamba la mkonge.

Namba Moja haikuwaka kabisa. Namba Tatu iliwaka mara moja, ikakohoa, ikalala. Hizo tukazifanya duka la vipuri. Namba Mbili ndiyo ikawa shirika zima la reli.

Mzee akaitisha mkutano. "Nani anajua kuendesha hii kitu?"

Mkono ukanyanyuka. Nikatazama ni wa nani. Wangu.

"Kisyeri, umewahi?"

"Tanga, mzee. Miaka miwili."

Tanga nilikaa kweli. Nilikuwa nakata mkonge. Treni niliipanda mara moja, kwenye toroli la nyuma, nikatapika.

Siku ya uzinduzi mchungaji aliomba, wazee wakachinja mbuzi. Nilivaa koti langu la harusi. Nikazungusha hendeli mpaka bega likalia, mara ikawaka! Vigelegele. Mke wangu Everlyne akawaambia ndugu zake waliovuka kutoka Kenya, "Huyo ni bwana yangu."

Wee! Kichwa kilivimba.

Kuna wenzo wa mafuta na gurudumu la breki. Hivyo viwili nilivielewa. Kulikuwa pia na sanduku la chuma juu ya magurudumu, limejaa mchanga. Nikasema hawa watu wa Tanga wachafu kweli. Nikaumwaga wote, nikaliosha, nikawa naweka humo mihogo yangu ya kuchemsha.

Miezi mitatu ya kiangazi nilikuwa mfalme. Nilipiga honi hata kwa kuku.

Halafu mvua ikaja. Manyunyu tu. Nilikuwa nashuka na matoroli manne yamejaa mawe. Nikakaza breki. Magurudumu yakaacha kuzunguka.

Treni haikuacha kwenda.

Chini, reli inapoishia, akina mama walikuwa wamekaa wanaponda mawe kwa nyundo. Everlyne alikuwa katikati yao na sufuria la uji.

Nilipaswa kupiga honi. Nilipaswa kupiga kelele. Nikaruka.

Nilitua kwa magoti, kisha kwa meno.

Nilipoinua uso nikamwona Tabitha, mjane mmoja mponda mawe, mtu wa maneno machache. Wenzake walikuwa wanatawanyika. Yeye anapanda mlima kuikabili treni, karai la mchanga mikononi.

"Mchanga!" anapiga kelele. "Leteni mchanga, mwageni kwenye reli!"

Akamwaga reli ya huku, akamwaga ya huku. Wawili watatu wakamfuata na makarai yao. Magurudumu yalipoukanyaga ule mchanga yalilia kama ng'ombe anayechinjwa. Treni ikapunguza mwendo. Ikasimama hatua nne kutoka kwenye sufuria.

"Yawa, Baba Akech!" Everlyne akaniambia. "Umeruka? Umetuachia sisi treni?"

Nilikuwa na meno mawili kiganjani.

Tabitha akafungua lile sanduku. Akatoa muhogo. Akautazama, akanitazama mimi.

"Hapa panakaa mchanga," akasema. "Reli ikilowa unauachia, magurudumu yanashika."

"Umejuaje?"

"Baba yangu aliendesha hiki kichwa miaka kumi na tisa. Nimezaliwa kambi ya mkonge."

Nikachechemea moja kwa moja hadi kwa Mzee Nyangwine. Hata shikamoo ilinitoka na damu. Nikamweleza yote: mkonge, kutapika, mihogo. Nikasubiri fimbo.

Mzee akainamisha kichwa.

"Tabitha aliniomba hiyo kazi kabla ya mkutano. Hata shamba lenye hivyo vichwa ni yeye alinielekeza."

"Sasa mbona ukanipa mimi?"

"Nilimwambia treni haiendeshwi na gauni. Wewe nilihisi unadanganya, mura, kijana wangu. Nikaona heri mwongo mwenye suruali."

Tukakaa pale, wajinga wawili, tunasikiliza mvua kwenye bati.

Kesho yake Tabitha alipanda Namba Mbili. Aliiendesha mwaka mmoja na miezi minne, anatoa pampu kwa Namba Moja, anatoa bearingi kwa Namba Tatu, na hakuangusha toroli hata moja. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Alinifundisha bila kunicheka, na hilo ndilo liliuma zaidi.

Baadaye eneo likazungushiwa uzio wa mgodi mkubwa, duara letu likafungwa, vichwa vyote vitatu vikauzwa kama chuma chakavu. Mnunuzi alikuja na daftari, akampita Tabitha, akanijia mimi.

"Dereva, hii mashine mara ya mwisho ilisumbua nini?"

Everlyne alikuwa ananitazama.

"Sijui," nikasema. "Dereva ni yule mama uliyempita."

Somo langu ni fupi. "Sijui" ni neno dogo, halivunji mtu goti. Nawe unayegawa kazi, usisimame mbele ya watu kuuliza nani anajua, wakati anayejua umeshamfukuza mlangoni kwako.