Siku Niliyoishtaki Fazi kwa Mwenyekiti

Haya, chekeni mapema tumalizane, maana nikipita Kasumulu bado navuta kitenge mpaka puani, na ni afadhali mkisikie kisa hiki kwangu kuliko kwa wanakwaya wenzangu, ambao kila wakikisimulia wananiongezea kilio ambacho sikulia (nililia kidogo tu, tena jicho moja).

Mimi ndiye mpiga gitaa wa kwaya yetu pale Ipyana. Kaka yangu alinifundisha kabla hajahamia Mbeya, na tangu aondoke sijapata mpinzani, sasa ukikaa miaka kumi na mbili bila mpinzani unaanza kuamini kwamba wewe ni mtaalamu. Mtu akinunua redio ananiletea niisikilize. Spika ya shule ikikoroma naitwa mimi. Nafika, naigonga ubavuni, nainamisha kichwa kama daktari, halafu natoa hukumu, na nusu ya hukumu zangu zilikuwa za kubahatisha, lakini nani angejua?

Basi sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia na tulikuwa na wimbo mpya, na mahali fulani katikati ya wimbo ule nilitaka gitaa litoe mwangwi, kama mtu anayeita akiwa ufukweni Matema na milima ikamjibu. Nilikuwa nimeona kwenye simu wapiga gitaa wakikanyaga viboksi miguuni na sauti inabadilika. Nikawa navitamani viboksi hivyo hata ndotoni.

Sasa pale Kasumulu, karibu na geti la forodha, kuna rafiki yangu Bi Zainabu. Nusu ya ndugu zake wako Karonga, upande wa Malawi, na dukani kwake utakuta kila kitu, vitenge, blenda, redio za mtumba, nyaya za kila rangi. Tumejuana siku nyingi, mimi nampelekea mchele, yeye ananifichia vitenge vizuri kabla wengine hawajaviona. Siku moja nimeingia tu, hata kukaa sijakaa, akaniita nyuma ya kaunta.

"Mama Bupe, wewe mtu wa magitaa, hebu nitazamie hiki. Kimekuja ndani ya boksi la redio, sijui hata nikiite nini."

Ndugu zangu, moyo uliruka! Kiboksi cha bati cha rangi ya chungwa, ukubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, vitufe vitatu vya kuzungusha, swichi ya kukanyagia katikati, na juu yake herufi nne kubwa: FUZZ.

"Hilo ni jina la kampuni," nikamwambia bila kupepesa macho.

"Aa, kumbe. Basi nenda nacho nyumbani, kakijaribu kwenye gitaa lako, ukirudi utaniambia kina thamani gani."

Mnaona? Mwanamke wa watu alinipa nafasi. Ningekipeleka nyumbani, ningekichomeka jikoni, aibu yote ingeishia kwangu na kuku wangu. Lakini mimi nilishakuwa mtaalamu, na mtaalamu hajaribu, mtaalamu anajua. Nikakigeuza, nikakigonga ubavuni (mnajua tena), nikasema, "Hakuna haja, nakijua. Ni pedali ya mwangwi. Ya bei rahisi lakini, angalia bati lenyewe jepesi." Nikataja bei mimi mwenyewe, kama bei ya kuku wawili wakubwa, naye akakubali kwa sababu ananiamini, nikatoka pale nikijipongeza moyoni kwamba nimempunja.

Jumamosi mchana mazoezini nikawakusanya wote, soprano mpaka besi, nikatoa hotuba. Nikawaambia leo mtasikia milima ya Matema ikiitika hapa hapa Ipyana. Nikavua kandambili, nikainua mguu, nikakanyaga, nikapiga nyuzi zote kwa pamoja.

KRRRRAAAAAA!

Jamani. Mmeshawahi kusikia mashine ya kukoboa mpunga imemeza jiwe? Mtoto mgongoni mwa mama mmoja alianza kulia, besi wawili wakarudi nyuma wakagonga ngoma, na bibi yetu wa sauti ya pili, Bibi Tusekile, ambaye hanyamazi hata kanisani, akasema, "Spika imekufa."

Nikazima, spika ikawa nzima. Nikawasha, KRRRAAA. Nikazungusha vitufe vyote, kushoto, kulia, katikati, ule mkwaruzo ukawa unanenepa na kukonda lakini hauondoki. Watu wote wananitazama. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno moja tu, "sijui", na badala yake mdomo wangu ukasema, "Nimeuziwa kibovu!"

Nilikuwa na mpango wa kwenda kwa Bi Zainabu kesho yake, peke yangu, kwa upole. Lakini nani awaambie wanakwaya wapoe? Bibi Tusekile alishasimama. "Mwenzetu kaibiwa, tunakaaje?" Na kwa kuwa siku hiyo tulikuwa tunapima sare mpya, tuliondoka nazo mwilini, watu kumi na moja wa zambarau na kola za njano, bajaji tatu, gitaa na spika vimelala mapajani kwetu kama wagonjwa wanaopelekwa hospitali. Njiani walikuwa wanaimba! Mimi nilikuwa bado napanga yale maneno yangu ya upole.

Tulipofika, sikupata hata nafasi ya kusalimia. Bibi Tusekile aliingia wa kwanza. "Wewe ndiye unayewauzia watu wa Mungu vitu vilivyokufa?"

Bi Zainabu akanitazama mimi, siyo yeye. "Mama Bupe, si nilikwambia ukakijaribu kwanza?"

Nami, kwa kuwa nyuma yangu kuna kwaya nzima, nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka forodhani, "Mwizi huwa anasema hivyo hivyo!" (Neno hilo likitoka halirudi. Nililiona linavyomwingia usoni.)

Wateja waliokuwa dukani wakaweka vitu chini. Wabadilisha fedha wakasogea, wauza mchele wakasogea, na madereva wa malori waliokuwa wamechoka kusubiri foleni wakaona kumbe leo kuna burudani. Mtu akamwita mwenyekiti wa kitongoji, mzee mpole anayeongea polepole, akaja na kiti chake mwenyewe, akakaa katikati ya barabara.

"Kila mmoja aseme, halafu kichomekwe," akaamua. "Ubovu wenyewe tuusikie wote."

Waya ukavutwa kutoka dukani kwa Bi Zainabu, yaani tunamshtaki kwa umeme wake mwenyewe! Nikakanyaga swichi. Na kwa kuwa nilitaka kila mtu asikie ubovu, sikupiga polepole, nilipiga kwa hasira zangu zote, nyuzi za chini, mfululizo, vitufe vyote vimefunguliwa mpaka mwisho. Nikafunga macho. Nikafika mahali hata wimbo wenyewe siujui, mikono inakwenda tu, krrra-ka-krrra-ka, na ule mkwaruzo unatetemesha mabati ya duka.

Nilipofumbua macho, watu walikuwa wanacheza.

Siwatanii. Mbadilisha fedha mmoja kapandisha suruali mpaka magotini, wanawake wa mchele wanatikisa mabega, besi wetu wawili wale waliokimbia mazoezini sasa wako mbele kabisa, na mwenyekiti wa kitongoji, mguu wake mmoja unapiga chini wakati uso umebaki wa kihakimu! Nikaacha kupiga. Wakapiga kelele, "Endelea!" Nikasema, "Subirini, hiki ni kibovu!" Wakacheka wakidhani nataniana nao.

Akasogea dereva mmoja, kifua wazi, taulo begani. "Dada, hiyo fazi unaiuza?"

"Ninauza nini?"

"Fazi. Hiyo." Akakionyesha, kidole juu ya zile herufi nne. "Kazi yake ndiyo hiyo, kukwaruza sauti. Watu wanaitafuta. Ulitaka ifanye nini?"

Nikasema kwa sauti ndogo kabisa, "Mwangwi."

Kicheko kilichopigwa pale, nadhani mpaka ng'ambo ya mto Songwe wasafiri waligeuka. Yule dereva, kumbe ana bendi kwao, akaomba gitaa na kukichunguza kiboksi kwa utulivu, bila kukigonga ubavuni. Akatuonyesha kila kitu: bati jepesi kweli, kitufe kimoja kimelegea, swichi ukikanyaga inalia *tak* na haitadumu sana, na usipopiga kuna mvumo kama nyuki. Halafu akapiga noti moja, moja tu, ikasimama hewani nene kama uji wa mchele, ikagoma kufa. "Vifaa vya bei rahisi, sauti ya kweli," akasema. "Ulinunua bei gani?"

Nikataja kuku wangu wawili. Akapiga mluzi. "Hapo hukuibiwa wewe."

Mwenyekiti akageuka. Kwaya yangu ikageuka. Hata Bibi Tusekile aligeuka, akaanza kuinyoosha kola yake ya njano.

Nikaweka gitaa chini na kwenda mbele ya Bi Zainabu. Nilimwambia ukweli wote pale pale, kwamba sikukijua, kwamba niliona haya kusema sikijui, na kwamba bei ile niliitaja nikijua namlalia. Hapo ndipo jicho langu moja lilipomwaga maji.

"Kunipunja bei si kitu," akasema. "Umeniita mwizi mbele ya wateja wangu, Mama Bupe."

Akatazama ule umati, akanitazama mimi, akajifunga kitenge kiunoni.

"Sasa piga. Waliokuja kumwona mwizi waondoke wamemwona mwenye duka."

Basi tukapiga! Mwanakwaya mmoja akageuza ndoo kuwa ngoma, dereva akanielekeza nipunguze kitufe kipi, kwaya ikaimba na zambarau zake zote, na Bi Zainabu akauza siku ile mpaka blenda zilizokuwa na vumbi. Mtu wa mwisho kuondoka alikuwa mwenyekiti na kiti chake. Wiki iliyofuata nilimpelekea Bi Zainabu gunia la mchele mpya, akanambia "ndaga fijo", yaani asante sana (Kinyakyusa chake kinaishia hapo), na sasa ananifichia vitenge tena, ingawa alininyima miezi miwili kwanza, na ni haki yake.

Fazi ninayo. Mchungaji ameiruhusu kwenye wimbo mmoja tu, ule wa kuta za Yeriko, zinapoanguka. Na mimi nimejifunza kusema "sijui", nasema hata ninapojua kidogo. Ila kiapo chenyewe ni hiki: nikikasirika tena, nitapanda bajaji peke yangu, tena bila sare.