Koti la Marehemu Wote

Mimi sikai kitako. Mama husema nilizaliwa nikitafuta mlango, na sijawahi kujua kama ananisifu au ananisema. Kwa hiyo kompyuta yangu ilipoanza kuchukua robo saa kuamka, tulikosana kabisa. Niliinunua siku saiba moja, duka la intaneti la hapa mtaani Kawangware 46, ilipofungwa na mwenyewe akauza hadi viti. Nimeivua kifuniko cha ubavuni ipate hewa, na feni yake inakoroma kama mtu aliyelala chali. Nikiiwasha huwa natoka nje, nazunguka ploti yetu ya vyumba vya kupanga, nafua soksi, narudi, nayo bado inafikiria.

Ndiyo inayonilisha. Naandaa programu za mazishi. Majirani wengi hapa wametoka magharibi au kule ziwani, na mtu akifa hupelekwa kuzikwa nyumbani, na haendi bila ile karatasi iliyokunjwa katikati yenye picha yake mbele. Shida huwa ni picha. Mtu aliyebeba mawe maisha yake yote hana picha ya studio. Wanakuja na simu: marehemu yuko harusini nyuma ya watu kumi, marehemu ameshika wilibaro. Halafu wote wanaomba kitu kimoja, kwamba avalishwe suti. Basi nautoa uso kwenye ile picha, nausafisha, nauweka juu ya koti. Koti lenyewe ni moja. Nililitoa kwenye picha ya shemasi mmoja, mteja wangu wa kwanza, koti la bluu nzito na tai yenye mistari. Tangu hapo limevaliwa na mlinzi, fundi viatu, kijana wa bodaboda na wazee nisioweza kuwahesabu. Hakuna aliyelalamika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaacha kuliona.

Picha zilizoletwa na watu nilikuwa naziweka kwenye folda niliyoiita MBICHI. Zikishavishwa koti zinahamia TAYARI. Nilijiona mtu wa mpango.

Jumamosi moja asubuhi mama alinipigia simu kutoka mtaa wa Silanga, anakouza mboga. Baba alifariki miaka minne iliyopita, na ndugu zake kule nyumbani walikuwa wamemaliza kulijengea kaburi lake, wakaacha nafasi ya picha chini ya kioo. Mama alikuwa anasafiri kwenda huko Jumatatu. Hakutaka picha yoyote tu, alitaka ile niliyompiga baba kazini. Baba alikuwa mwashi. Kwenye ile picha amekaa juu ya mfuko wa simiti saa ya chakula, sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, mapajani, anacheka hadi fizi zinaonekana, na simiti imempanda mpaka kwenye kope. Simu niliyompiga nayo iliibwa zamani. Picha ilikuwa imebaki kwenye kompyuta peke yake. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, jioni atakuwa nayo mkononi, kubwa.

Kompyuta ikakataa. Ile programu ya kuhariri picha haikufunguka, diski imejaa, mstari mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikafuta filamu, mstari haukusogea. Nikafuta mahubiri ambayo sijui nani aliyaweka. Nikasimama, nikakaa, nikachemsha chai nikaisahau jikoni. Mteja mmoja alikuwa ananipigia kila dakika kumi kuuliza kama mwili utaondoka na karatasi au bila. Ndipo nikaiona folda MBICHI, kubwa kuliko zote. Nikajiambia, hawa wote si wako TAYARI? Nimeshawamaliza, ya nini kuwaweka mara mbili?

Nikaifuta. Na kwa sababu mimi ni mjuaji, sikuipeleka kwenye pipa la takataka la kompyuta, maana najua vitu vikikaa kule diski haipumui. Niliifuta moja kwa moja. Mtu asiyejua chochote kuhusu kompyuta angeokoka siku hiyo.

Mstari ukageuka bluu, nafasi ikapatikana tele, programu ikafunguka bila kusumbua. Nikamaliza kazi ya yule mteja na kumtumia. Kisha nikamtafuta baba. Nilimpata ndani ya TAYARI, amevaa koti la shemasi na tai, ametulia kama karani. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye nilimvalisha. Nikatafuta ile nyingine kila mahali, hata ndani ya folda ambazo nilijua haiwezi kuwamo. Ilikuwa ndani ya MBICHI.

Nilikibeba kile chuma cha kompyuta begani hadi kwa fundi mmoja karibu na steji ya matatu. Akaniuliza kama baada ya kufuta nimeandika kitu kingine juu yake. Nikamwambia nimemaliza programu nzima ya mazishi. Akanitazama kwa huruma, na alichofanikiwa kurudisha ni vipande vya kijivu, bega la mtu, ukingo wa sufuria. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikumfuta baba peke yake. Baba na mama za watu wa ploti nzima walikuwa mle, na nikarudi nyumbani nikikwepa macho ya majirani.

Nikachapisha ile ya koti. Nikaenda Silanga kwa miguu, kwa sababu kukaa ndani ya gari na ile bahasha kungenimaliza. Njia nzima nilikuwa napanga uongo. Nitasema ile nyingine imefifia. Nitasema kwenye kaburi suti ina heshima zaidi.

Mama alikuwa kwenye meza yake ya mboga, anachambua kunde. Akajipangusa mikono kwa leso, akaitoa picha kwenye bahasha, akaitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa napanga nyanya zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Hii koti naijua," akasema. "Si ni ya yule mzee wa bomba la maji? Na kijana wa mkokoteni pia alizikwa nayo."

Nikamwambia ukweli, kwamba ni koti langu, namwekea kila mtu, na hata kwenye mazishi ya baba ndiyo picha iliyokuwa mbele ya karatasi aliyoshika. Akasema siku ile alikuwa ameshika karatasi tu, hakuwa anaona kitu.

"Na ile ya kazini iko wapi?"

"Nimeifuta, mama. Nilikuwa natafuta nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Jibu lenyewe lilikuwa la kijinga. Nafasi ya kuifungua hiyohiyo picha. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, nikatamani anitukane nimalizane nayo. Hakunitukana. Alichukua jani la sukuma wiki pale mezani, akalilaza juu ya picha mpaka koti na tai vikafunikwa, ukabaki uso wa baba peke yake. Akauleta karibu na macho, akaweka kidole pembeni, kwenye sikio la kushoto. Mle ndani, kwenye kile kikunjo cha sikio, kulikuwa na weupe wa simiti. Wiki ile ya msiba nilifanya kazi ile haraka haraka huku nalia, na sikumsafisha vizuri.

"Hapa ulisahau kumuosha," mama akasema. "Huyu ndiye yeye. Nikatie hapa shingoni, hiyo koti urudishie wenyewe."

Nikarudi Kawangware, nikaliondoa koti, nikaukuza uso hadi sikio likaonekana vizuri. Mama alisafiri nayo Jumatatu, ameifunga ndani ya leso.

Kompyuta sasa inaamka upesi na ina nafasi nyingi nisiyojua niweke nini. Bado sikai kitako. Watu bado wanaleta simu zao, bado wanataka suti, na mimi nawavisha wapendwa wao koti lilelile la bluu. Ila siku hizi siwaoshi masikio.